Bomba la umeme la kukamata moshi wa sufuria: wiki ya 3 hadi ya 9

Kwa anayejiunga sasa hivi: nyuma ya nyumba ninayopanga hapa Dar es Salaam yupo mzee anayesubu sufuria kwa aluminiamu chakavu. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, na oili chafu ya gereji inalifikia joto hilo bila jasho, kwa bei ambayo mkaa hauwezi kushindana nayo. Balaa ni moshi. Kaskazi ikivuma unaingia kwa mama ntilie mwenye kibanda upande wa pili wa ukuta; kusi likija unaingia chumbani kwangu na kulala kwenye chandarua. Kazi yangu ya kila siku ni kutengeneza redio na televisheni. Mzee amenipa ruhusa ya kuchezea dohani yake kwa sharti moja: "Fanya utakavyo mwanangu, ila moto wangu usizimike."

Wiki ya 3

Saikloni imeshindwa, tena kwa aibu. Niliikunja kwa bati: pipa la kipenyo cha sentimita 20, chini yake koni, mdomo wa kuingizia moshi ubavuni. Wanaopasua mbao wanaijua. Hewa inaingia kwa pembeni, inazunguka, vumbi linarushwa ukutani na kuteremka kwenye ndoo, hewa iliyobaki inapandia katikati. Kwa unga wa mbao inafanya kazi vizuri sana. Kwa moshi wa oili, uliingia mweusi ukatoka mweusi, umezunguka tu kidogo kama mtu aliyepotea njia.

Nilipokaa chini na kupiga hesabu nikaona kosa. Chembe ya masizi iko chini ya maikromita 1, yaani haifiki sehemu moja kati ya elfu ya milimita. Vumbi la mbao ni mara kumi ya hapo na zaidi. Chembe ikipungua kipenyo mara 10, mwendo wake wa kuelekea ukutani hupungua mara 100. Masizi hayana uzito wa kutosha kurushwa popote. Saikloni nimeitundika msumarini.

Wiki ya 4

Sikujenga kitu. Nimesoma habari za Frederick Cottrell, mwalimu wa kemia kwenye Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, na nimejiona mimi mwenyewe humo.

Si mbali na San Francisco, mahali paitwapo Pinole, palikuwa na kiwanda cha asidi ya salfuriki chenye tatizo la aseniki, ile sumu. Aseniki ilisafiri ndani ya ukungu wa asidi na kuua kichocheo, kile kinachoharakisha utengenezaji wa asidi. Kitu cha kwanza alichojaribu Cottrell kilikuwa kuuzungusha ule ukungu ili utupwe pembeni. Kama mimi! Haikutosha. Mwaka 1906 akageukia umeme.

Wazo lenyewe halikuwa lake. Mwaka 1824 huko Leipzig mtu aitwaye Hohlfeld alikwishaonyesha kwamba waya wenye chaji husafisha moshi ndani ya chupa. Mwaka 1885 Oliver Lodge na wenzake walilipeleka wazo hilo kwenye kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi cha Bagillt, Wales, wakitumia mashine za Wimshurst, zile za sahani mbili za kioo zinazozunguka kinyume na kutoa cheche. Mradi ulikufa. Mashine zile hazikuwa na nguvu ya kulisha kiwanda, na mafusho ya risasi ni chembe ndogo zenye ukaidi.

Cottrell alikuja wakati transfoma za volti nyingi zimekwishapatikana. Lakini transfoma hutoa umeme wa kwenda na kurudi, na umeme wa namna hiyo huisukuma chembe kushoto, kisha kulia, ikabaki palepale. Suluhisho lake linanifurahisha kila nikilifikiria: kisahani kinachozungushwa na mota iendayo sambamba na mkondo wenyewe, kikigusa nguzo kila wimbi linapofika kileleni, kikigeuza upande. Dayodi ya gurudumu, yaani mlango wa kupitisha umeme upande mmoja tu. Leo kazi hiyo inafanywa na kitu kidogo kuliko njiti ya kiberiti.

La pili ni nywele. Usiku mmoja maabara ikiwa giza aliona kwamba waya uliovishwa uzi wa pamba unang'aa zambarau mwili mzima, na ulio mtupu unang'aa sehemu chache tu. Vinyuzi vya pamba vilikuwa vincha vingi vya kumwagia umeme hewani. Tangu hapo akazitengeneza elektrodi zake, yaani nyaya za kumwagia chaji, zenye manyoya. Hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ilitoka mwaka 1908, namba 895,729. Mng'ao huo unaitwa korona, na jina hilo lilikuwapo kabla ya ule ugonjwa, msinicheke.

Wiki ya 5

Flaibaki, ile transfoma ya volti nyingi, kutoka kwenye TV ya chogo. Ninazo sita stoo, hakuna anayezitaka tena. Ndani yake dayodi ipo tayari, ukiilisha vizuri inatoa volti elfu ishirini na ushee za upande mmoja. Naiendesha kwa betri ya pikipiki.

Bomba ni la bati, kipenyo sentimita 15, urefu mita moja na nusu, limesimama wima. Katikati unapita waya, na bomba lenyewe limefungwa kwenye erthi. Moshi unapita kati yao kwa mwendo wa kama mita moja kwa sekunde. Waya unamwaga chaji hewani, chaji inang'ang'ania masizi, masizi yanavutwa ukutani. Basi.

Kwa waya nilianza na shaba nyembamba ya kuzungushia mota. Ukang'aa vipande vipande. Nikakumbuka nywele za Cottrell, nikachukua waya wa breki ya baiskeli, nikafumua nyuzi zake kila baada ya sentimita tatu na kuzikata fupi zisimame kama ndevu za kambare. Nilizima taa nikachungulia kwa chini: kila ncha ilikuwa na nukta ya zambarau, juu mpaka chini, na mlio kama mafuta yanayoanza kupata moto kikaangoni. Nilimwita mzee aje aone. Akatazama kitambo, akauliza kama hiyo ndiyo inayokula betri.

Wiki ya 6

Cheche zinaruka mapema mno. Kosa ni upande: flaibaki hutoa chanya, na waya wenye chanya hupiga cheche kwa volti ndogo kuliko waya wenye hasi. Mitambo ya viwandani hutumia hasi kwa sababu hiyo. Vifaa vya kusafisha hewa ndani ya nyumba huchagua chanya kwa kuwa hutoa gesi ya ozoni kidogo, lakini hapa nje ozoni si shida yangu.

Nimeigeuza. Ncha ya chanya nimeifunga kwenye erthi, na upande wa chini nimeupeleka kwenye waya. Maana yake ni kwamba betri na saketi nzima sasa ndivyo vilivyobeba volti. Betri imekaa juu ya ndoo ya plastiki iliyofudikizwa, swichi naivuta kwa kamba ya nailoni nikiwa mita mbili mbali, na pembeni nina mwanzi wenye waya wa erthi wa kumaliza chaji kabla sijagusa chochote. Nimezungushia uzio wa mbao kwa ajili ya watoto na kuku wa mama ntilie. Asiyejua anachofanya asiige hatua hii, sisemi kwa mkato.

Jumanne ya wiki hiyohiyo

Bomba limekohoa. Moto wa mzee ulizimika kidogo, oili ikaendelea kudondokea kwenye matofali ya moto, mvuke wake ukajaa bombani, na mle ndani nina cheche. Puf! Kifuniko cha juu kilitua kwenye paa la jirani. Hakuna aliyeumia, ila mzee alinitazama bila kusema, na afadhali angesema. Sheria mpya: kamba haivutwi mpaka moto ushike sawasawa, na moto ukiyumba kamba inaachwa. Viwandani pia mitambo hii huzimwa gesi ambazo hazijaungua zikizidi.

Wiki ya 7

Kwanza kihami, kitu cha kuzuia umeme usivuje. Waya nilikuwa nimeutundika kwenye shingo ya chupa ya soda, na chupa ikavaa masizi ndani ya saa moja. Masizi yanapitisha umeme, kwa hiyo volti zikawa zinatiririkia kwenye chupa badala ya kufanya kazi. Nimeihamishia kwenye kijisanduku cha pembeni, na feni ya kompyuta inaipulizia hewa safi muda wote. Imepona.

Sasa kituko. Jumamosi saa nne asubuhi, moto umeshika, navuta kamba. Moshi uliokuwa ukitoka mweusi ulikatika. Si kwamba ulipungua, ulikatika, kama mtu aliyefunga bomba la maji. Naachia kamba, mweusi. Navuta, hakuna kitu. Wapita njia walisimama. Nilifanya hivyo labda mara kumi kwa ajili ya watazamaji, najua ni utoto.

Baada ya dakika ishirini sauti ya mama ntilie ikavuka ukuta: "Wewe fundi! Njoo uone wali wangu!"

Nilikwenda. Juu ya sinia la wali palikuwa na vipande vyeusi vikubwa kama mbegu za papai, vyepesi, ukivigusa vinakuwa unga. Vingine vimeangukia nguo kwenye kamba. Zamani alipata moshi. Mimi nimemletea mvua ya masizi. Niliahidi kuulipia ule wali.

Imenichukua siku tatu kuelewa. Vumbi la saruji au majivu ya makaa ya mawe hayapitishi umeme kirahisi, hivyo yakifika ukutani yanabaki na chaji yake na kung'ang'ania. Yakizidi ukaidi wa kukataa kupitisha umeme nayo yana matatizo yake, yanaanza kurusha cheche kinyumenyume. Lakini masizi ni kaboni. Yakigusa ukuta yanapoteza chaji yake papo hapo, yanachukua ile ya ukuta, na ukuta unayasukuma yarudi hewani. Yanaruka, yanakamatwa tena, yanashikana na wenzake, yanaruka yakiwa makubwa zaidi, mpaka yanafika juu na kutoka. Kuyakamata nimeweza. Kuyashika ndiko kulikonishinda.

Kurefusha bomba hakusaidii hapo. Ile kanuni aliyoiweka Walther Deutsch mwaka 1922 inasema kila kipande cha bomba kinakamata sehemu ileile ya kilichobaki: bomba moja likikamata tisa katika kumi, mawili yatakamata tisini na tisa katika mia. Tamu sana kwenye karatasi. Inahesabu kwamba kilichokamatwa kimekamatwa.

Wiki ya 8

Nikiwa natafuta kitambaa, kichwa kikagonga saikloni pale msumarini.

Masizi yaliyoshindwa na saikloni yalikuwa chini ya maikromita 1. Yanayoangukia wali yanaonekana kwa macho! Bomba la umeme limenifanyia kazi ya kuyakusanya yawe makubwa, na makubwa ndiyo chakula cha saikloni. Kilichokuwa cha kwanza kikakosea, kinatakiwa kiwe cha mwisho.

Ile ya zamani ilikuwa kubwa mno, niliijenga nikidhani ukubwa ni nguvu. Saikloni hutaka wembamba na mwendo. Nimekunja mpya yenye kipenyo cha sentimita 10: mdomo sentimita 5 kwa 2.5, pipa sentimita 20, koni sentimita 20, bomba la kutokea sentimita 5 na limeshuka ndani kama sentimita 6, tundu la chini sentimita 2.5. Kwa hewa yangu ya lita 18 hivi kwa sekunde, mdomoni inapita zaidi ya mita 14 kwa sekunde. Dohani peke yake haiwezi kuvuta hivyo, kwa hiyo nimeongeza bloa kuukuu upande wa kutokea. Bloa inakula umeme kuliko bomba la korona lote, ambalo linatosheka na wati kumi hivi.

Viungo vyote nimeziba kwa udongo wa tanuri. Tundu la chini lazima lizibwe kabisa kwenye kopo. Lilipovuja kidogo tu, hewa iliingia kwa chini na kuyainua masizi yote tena.

Wiki ya 9

Siku tatu za kusubu, gramu 140 kwenye kopo, nimezipima kwa mzani wa mangi wa dukani. Mama ntilie ameanika tena shuka nyeupe, ila bado hanisalimii kwa moyo mmoja. Harufu ipo palepale: umeme unakamata chembe, gesi zinapita zikicheka. Nimemwomba mzee aongeze hewa kwenye kichomeo, na hilo limepunguza masizi hata kabla hayajafika kwangu. Pengine ningeanza hapo.

Nimekumbuka kwamba Cottrell naye alisukumwa na majirani. Kule Riverside, California, wakulima wa machungwa walikipeleka mahakamani kiwanda cha saruji kwa vumbi lililofunika miti yao, na mitambo yake ikafungwa huko. Hataza zake akazitoa mwaka 1912 kwa taasisi ya Research Corporation, mapato yaende kwenye utafiti. Baadaye fedha za taasisi hiyo zilimfikia hata Mmarekani Robert Goddard na roketi zake. Mimi nadaiwa sahani mbili za wali.

Limebaki kopo. Fundi viatu wa kona alikuja kuuliza kama anaweza kupewa masizi achanganye na nta. Nikamkatalia: oili ya injini ina zinki na mabaki ya vyuma, si kitu cha kushika kwa mikono kila siku. Nikafunga kopo, nikaandika USIFUNGUE kwa rangi nyekundu. Jana nimekuta mfuniko umelegea na masizi yamepungua kama vijiko viwili. Fundi viatu anasema hajui lolote. Vidole vyake ni vyeusi, lakini vidole vya fundi viatu ni vyeusi siku zote.