Korosho Iliyogeuka

Nilikuwa na mwaka wa pili tu tangu niapishwe kuwa wakili pale mzee mmoja, mchoraji wa kanga, alipofika ofisini kwetu Dar es Salaam akiwa na karatasi iliyoviringishwa na doti aliyoinunua Kariakoo. Mchoro uliokuwa kwenye doti ile ulikuwa wake, wala hakuwa amemuuzia mtu.

Niliandika hati ya madai usiku huohuo, na dai la kwanza lilikuwa kwamba mdaiwa ametwaa jina la kanga, “Mgeni njoo mwenyeji apone”, kwa sababu nimelelewa na wanawake wanaosoma jina kabla ya kutazama rangi. Nilipomsomea mzee, aliinua mkono kunizuia.

“Hapo umekosea, mwanangu. Maneno hayo bibi yangu aliyasema, na bibi yake aliyasema. Changu ni mkono huu.”

Mzee alikuwa sahihi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi iliyokwisha kupewa umbo, si wazo wala methali ya watu wote. Mchoro ni mali ya aliyeuchora maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, hata kama hakuusajili popote. Nililifuta dai lile, na tangu siku hiyo kila shauri la miliki bunifu naanza kwa kutenga kilicho cha mteja na kilicho cha wote.

Utetezi wa mdaiwa ulikuwa mzito: korosho, alisema, ni pambo la kanga tangu enzi za mababu. Ndipo mzee alipoitandaza karatasi yake kando ya doti, mbele ya hakimu, akaanza kuhesabu kwa kidole. Korosho zote za pindo la chini zilielekea kulia, isipokuwa ya tatu kutoka pembeni, ambayo ilielekea kushoto kwa kuwa umeme ulikatika akaimalizia kwa kibatari. Kwenye kanga ya mdaiwa, korosho ya tatu nayo ilielekea kushoto. Hakimu, aliyeandika mwenendo wa shauri kwa Kiingereza kama ilivyokuwa kabla ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, alisita akitafuta neno la pindo, mwishowe akaandika “pindo” hivyohivyo.

Wakili msomi wa upande wa pili aliomba ahirisho, na shauri likamalizika kwa hati ya makubaliano: mzee akalipwa, na marobota yaliyobaki akakabidhiwa yeye. Nilikuwa nimependekeza yateketezwe. Alikataa katakata, akisema kanga ni ya kuvaliwa.

Doti moja aliniachia, nikampelekea mama. Alisoma jina kwanza, akatabasamu, kisha nikamshika kidole na kumwekea juu ya korosho ya tatu.