Safu ya wanafunzi ilikuwa tupu

Leo kwenye kikao cha tathmini imeletwa ripoti ya mradi wa elimu ya UKIMWI mashuleni.
Kwenye jedwali lake, safu ya walimu waliofunzwa imejaa. Ya mabadiliko kwa wanafunzi, tupu.

Jamani, kuhudhuria semina si matokeo.

Tazameni utafiti wa mwanauchumi Pascaline Dupas magharibi mwa Kenya, shule za msingi 328, zilizogawanywa kwa bahati nasibu.
Kuwafunza walimu mtaala wa taifa wa UKIMWI hakukupunguza mimba za wasichana.
Mazungumzo ya dakika 40 na wanafunzi, yaliyoeleza kwamba wanaume watu wazima wana maambukizi mengi kuliko wavulana wa rika la wasichana hao, yalizipunguza kwa asilimia 28.

Kwa nini kuhesabu mimba? Kwa sababu huonyesha ngono isiyo na kinga.
Kwenye dodoso msichana huandika anachodhani mwalimu anataka kusikia. Mtoto akizaliwa, hafichiki.

Kwa hiyo kabla pesa ya umma haijatoka: teueni kiashiria (kitu mtakachopima), pimeni shule zote, bahati nasibu iamue zipi zianze na zipi zisubiri, kisha mrudi kupima.
Mradi ukishafika kila shule, za kulinganisha hamzipati tena.

Ile safu tupu inaniuma mpaka sasa.

Huko kwenu mnahesabu nini?