Mita 37 kwa sekunde

Hii ilikuwa 2019, mwezi wa saba. Vidole vya miguu vilianza kufa ganzi toka Machi, na usiku nyayo zinawaka kama nimekanyaga majivu ya moto, mpaka nikaandikiwa kipimo cha neva. Yule kijana wa mashine akanibandika vile vistika mguuni, akawa ananipiga shoti ndogondogo mguu unaruka wenyewe, halafu sindano nyembamba kwenye msuli. Ila ninachokumbuka zaidi ni baridi, kile chumba kiyoyozi kilikuwa kinapuliza balaa na mimi nimelala miguu wazi zaidi ya nusu saa.

Nikapewa bahasha. Kumwona daktari wa neva, wiki tatu. Sasa bahasha iko ndani kwangu wiki tatu, niiache vipi?

Nikaifungua siku hiyohiyo nikampigia dada, yeye ni nesi. Akaniambia, "Mdogo wangu, angalia vitu viwili tu, kasi ya umeme kwenye neva na kimo cha wimbi lake, linapanda juu kiasi gani. Neva ni kama waya wa umeme, ndani shaba nje plastiki. Plastiki ikiharibika kasi inashuka, shaba ikifa wimbi linakuwa fupi." Mguuni kasi inatakiwa ianzie kama mita 40 kwa sekunde kwenda juu. Yangu kulia 37, kushoto 36. Mawimbi yalikuwa marefu tu, ya kawaida, lakini mimi nilishaiona 37 nikawa sioni kingine.

Usiku nikawa nasoma kwenye simu magonjwa yanayokula lile ganda la neva, mengine kinga ya mwili yenyewe ndo inalishambulia, halafu naamka taratibu baba watoto asisikie, nasimama kwa visigino mbele ya kabati nione kama bado naweza. Mwanangu wa mwisho alikuwa na miaka minne. Nikawa nawaza atabebwa na nani.

Siku ikafika. Daktari mzee, mpole, wala hakuanza na karatasi, alinishika nyayo kwanza kwa mikono yake, akagonga magoti, akaniwekea kile chuma kinachotetemeka kwenye kidole gumba. Ndo akasoma ripoti, akanyamaza kidogo akauliza, "Mama, kile chumba kilikuwa na baridi?" Akanionyesha sehemu ya kujaza joto la ngozi. Tupu. Akasema neva ikipoa digrii moja kasi inapungua kama mita mbili hivi, kwa hiyo hizi namba haziaminiki. Tukarudia palepale, miguu kwanza ndani ya beseni la maji ya moto. Kulia 44, kushoto 43.

Nililia mbele ya yule mzee. Na mpaka leo inaniuma, kipengele kimoja tu hakikujazwa, mtu anabeba kifo chake wiki tatu.

Ila ganzi ilikuwa palepale na moto wa usiku palepale, na nilimuuliza hivyohivyo, sasa mbona nawaka? Akanijibu, "Kuna neva nyembamba sana za maumivu na joto, mashine hii haizioni kabisa. Sijasema huumwi." Akaandika damu: sukari, vitamini B12, tezi ya shingoni. Nikashuka maabara kuchukua namba, miguu bado ina joto la maji, soksi nimezishika mkononi.