Mjomba wetu, baba yao

Familia niliyoitamani utotoni ilikuwa na ngazi. Sisi tulikaa kwenye nyumba ya chini yenye vyumba viwili, pembezoni mwa Selma, California, mji unaojiita makao makuu ya zabibu kavu duniani. Kwenye televisheni, kila familia ilikuwa na ngazi, na watoto walizipanda kwenda kulala, kila mmoja na chumba chake. Baba wa televisheni alirudi jioni na mkoba mkononi, akatundika koti, akauliza habari za shule. Mama alikuwa ameshaandaa meza. Hata wakigombana, walipatana kabla kipindi hakijaisha. Mimi na mdogo wangu wa kiume tulitazama tukiwa tumekaa sakafuni, na mimi niliamini kila kitu. Niliamini kwamba ng'ambo ya reli, kwenye mitaa yenye nyasi zilizokatwa vizuri, watu wanaishi hivyo siku zote.

Wenzangu wengi, watoto wa Wamexico waliozaliwa Marekani, wakisimulia utoto kama huu humalizia kwa kusema kwamba walikuja kutambua familia yao haikukosa kitu. Nawaheshimu, ila mimi siwezi kusema hivyo. Tulipendwa sana nyumbani kwetu, na bado nilikuwa na haki ya kutamani watu wote wa nyumbani wakae meza moja.

Baba alikuwa mtu wa kumwagilia mashamba. Kiangazi, zamu ya maji ikifika shambani, iwe adhuhuri au saa nane usiku, ilibidi awepo na koleo lake, afungue hapa, azibe pale, akeshe akitembea kati ya mizabibu. Mama alifanya kazi ya kupanga matunda ya pichi na nektarini kwenye maboksi, zamu ya jioni. Walipishana mlangoni. Nilipokuwa chuoni Fresno nilisoma kwamba sheria ya kazi ya mwaka 1938, ile iliyowapa Wamarekani wiki ya saa 40 na malipo ya ziada, iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani. California baadaye iliwapa malipo ya ziada, lakini mpaka wapite saa 10 kwa siku au 60 kwa wiki. Sheria ya kuwalinganisha na wengine ilitiwa saini mwaka 2016, ikaanza kutumika kidogo kidogo 2019, na kwa mashamba makubwa ikakamilika 2022. Magoti ya baba yalikuwa yameshaisha. Nilipoyasoma hayo nilimwelewa upya yule baba wa televisheni. Alifika nyumbani jioni kwa sababu sheria ilimrudisha.

Halafu kulikuwa na suala la makaratasi ya kuishi nchini kihalali. Baba aliyapata kwa msamaha wa wahamiaji wa mwaka 1986, kwa kuwa alikuwa ametimiza siku 90 za kazi ya shamba ndani ya mwaka uliotakiwa. Mama alivuka mpaka 1990, akawa amechelewa. Kwa hiyo kila Desemba familia yetu ilikatika vipande viwili. Baba na mdogo wangu waliingia kwenye pikapu iliyojaa nguo na baiskeli za watoto wa ndugu, wakashika barabara kuu ya 99 kwenda kusini, mpaka kijijini kwetu karibu na Zamora, jimbo la Michoacán, Mexico. Mimi nilibaki ili mama asibaki peke yake. Tulipika tamale pamoja na majirani: unga wa mahindi, nyama ya nguruwe na pilipili, vikafungwa kwenye maganda ya mahindi na kupikwa kwa mvuke. Nje ukungu wa bonde ulikuwa mzito kiasi kwamba shule inapofunguliwa mabasi huchelewa kwa sababu yake. Katika miaka yote ya utoto wangu hakuna picha hata moja ya Krismasi tuliyomo sote wanne.

Mtu aliyekuwepo kila siku alikuwa mjomba, kaka yake mama. Alilala kwenye gereji. Mama akiwa bado amelala baada ya zamu, mjomba ndiye aliyenichana nywele kabla ya shule, kwa mikono iliyochanika kwa kazi ya kupogoa mizabibu. Alinisomesha vitabu vya Kiingereza kwa sauti ingawa hakuelewa neno. Nikisita, alijua, na alinirudisha mwanzo wa sentensi. Alinifundisha baiskeli. Alikuja kwenye mikutano ya wazazi amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akakaa mstari wa mbele.

Mjomba alikuwa na mke na binti kijijini, binti wa umri wangu. Mwanzoni alikwenda kuwaona kila mwaka baada ya msimu. Wanaume wengi wa Michoacán waliishi hivyo kwa miongo mingi, wakija na kurudi. Kisha mpaka ukakazwa, kule El Paso mwaka 1993, San Diego 1994, na njia zikasukumwa kwenye jangwa na milima. Wavushaji wakapandisha bei, watu wakafa kwa kiu. Waliotaka mpaka huo uwazuie watu kama mjomba kuingia walifanikiwa kumzuia asitoke. Aliogopa kwamba akienda hatarudi, na asiporudi hakuna pesa ya kutuma. Akabaki.

Bibi alifariki mwaka 1999. Sheria mpya ya 1996 ilisema kwamba aliyekaa nchini bila kibali zaidi ya mwaka mmoja, akitoka, asirudi kwa miaka 10. Mama na mjomba walilia jikoni. Hakuna aliyekwenda kumzika mama yao.

Mama alipata makaratasi yake baadaye kupitia baba, baada ya kulipa faini ya dola 1,000 na kusubiri miaka. Desemba 2005 tukaenda wote wanne. Nilikuwa na miaka 14, na nilikuwa nimeshajijengea familia nyingine kamili kichwani, hii ya Mexico: ua wenye miti, binamu wengi, watu wasiotengana.

Binamu yangu, yule binti wa mjomba, alitupokea kwenye nyumba ya ghorofa. Pesa za mjomba zilikuwa zimeijenga chumba kwa chumba, nondo bado zimesimama juu ya paa zikisubiri ghorofa nyingine. Ilikuwa na ngazi za vigae. Juu kulikuwa na chumba cha mjomba, godoro likiwa bado ndani ya nailoni. Usiku tulilala kitanda kimoja, mimi na binamu, naye akaanza kuniuliza. Baba anapenda kula nini? Anakoroma? Akikasirika anafanyaje? Anawahi kuimba? Nilijibu yote, na kila jibu lilikuwa kitu kilichopaswa kuwa chake. Mikono iliyonichana nywele ilikuwa ya baba yake. Yeye alikua akiamini kwamba familia kamili ndiyo sisi wa Selma, kwa kuwa sisi tulikuwa na baba yake.

Mjomba alirudi kijijini mwaka 2012. Alimkuta binti aliyekwisha kuolewa, na tangu hapo wamekuwa wakikaa nyumba moja kama wapangaji wenye adabu. Binamu hunipigia simu: kwa nini hasemi? Mimi humwambia ninayoyajua. Usimkalishe kitako ukamhoji. Kahawa yake itie mdalasini. Mpe kitu cha kutengeneza, kaa karibu, fanya kazi yako, maneno yatakuja. Huwa napata uzito moyoni kumfundisha mtu namna ya kuzungumza na baba yake mzazi, lakini ni deni, na ninalilipa kwa furaha.

Wiki iliyopita alipiga tena. Alimpa baba yake baiskeli ya mwanawe iliyokatika mnyororo. Mjomba alikaa nayo uani mchana mzima, na akamsimulia habari za miaka yake ya Selma, kuhusu mwenye shamba mmoja, mbwa, na usiku ambao maji yalimshinda. Mimi sikuwahi kuzisikia. Niliona wivu kidogo, nikafurahi sana kwa ajili yake, na nikamwomba anisimulie zote.