Sikumuuzia, lakini haikutosha

Huu ni mwaka wa 9 nimekaa kaunta ya duka la kemikali hapa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Wateja wetu wakubwa ni akina mama wa sabuni ya maji, mafundi rangi na vijana wa maji ya betri. Mama wa sabuni akija hufungua dumu akanusa, atauliza mzigo umeingia lini, atalia bei mpaka umpunguzie hata 500. Fundi rangi hupiga simu yuko saiti, anataka thina imfikie na boda kabla rangi haijaganda.

Yule kijana hakulia bei, na hicho ndicho kilichonishtua mwanzo. Aliagiza asetoni, kimiminika cha kuyeyushia rangi, madumu 10 ya lita 20, akatoa bahasha ya noti kabla sijamtajia kiasi. Kisha akafungua simu, akasoma silabi kwa silabi: "Na a-se-ti-ki anhi-draidi mnayo?"

Nikamuuliza ya kazi gani. "Natengeneza siki, dada angu. Ya mahotelini."

Siki inatokana na asidi ya asetiki, na hiyo tunayo, hata hakuiulizia. Anhidraidi ni kitu kingine. Viwandani wanaitumia kwenye aspirini na kwenye nyuzi za vichungi vya sigara. Upande wa pili wa matumizi yake ni heroini, na ndiyo maana dunia nzima inaifuatilia. Kwa miaka yangu yote pale, hakuna mteja wa mtaani aliyewahi kuiulizia.

Nikaomba cheti chake cha usajili cha Mkemia Mkuu na TIN. Akasema atavileta kesho, ila kwenye risiti niandike "vifaa vya usafi". Kiwanda kiko wapi? Mbezi. Mbezi ipi? Ikawa Kigamboni. Nje kirikuu ilikuwa inamsubiri, injini inanguruma.

Nikamwambia anhidraidi hatuna, na asetoni atapata akija na karatasi. Hapo nikafanya kosa ambalo bado linaniuma: niliongeza kwamba kitu hicho serikali inakifuatilia sana. Nilimzindua mwenyewe kwa mdomo wangu. Alifunga bahasha, akaniaga vizuri, akaondoka.

Nikarudi kwenye kazi zangu nikijiona nimemaliza. Haikupita saa 1, jirani wa duka la ng'ambo akaja kuomba chenji, uso unang'aa. Kauza asetoni madumu 10 kwa mkupuo, mteja hakulia bei hata kidogo.

Nilihisi tumbo limeshuka. Kumbe kumkatalia kwangu kulimvusha barabara tu.

Bosi wangu ni mzee wa makamo, mtu mwema, na woga wake naujua. "Mwanangu, sisi hatujauza. Ukiwaita watu wa serikali, wataanza kukagua kwetu." Sikumbishia kwa hasira. Nilimtolea makaratasi ya semina niliyohudhuria, nikamsomea kuhusu Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988 dhidi ya biashara haramu ya dawa za kulevya. Una majedwali mawili ya kemikali za kufuatiliwa: anhidraidi iko jedwali la kwanza, ilipandishwa huko 2001. Asetoni iko jedwali la pili. Ibara ya 12 inataka watengenezaji, waingizaji, wauzaji wa jumla na wa rejareja watoe taarifa za oda na miamala ya kutilia shaka. Nikamwekea kidole kwenye neno oda. Oda ni mtu kuagiza tu, hata kama hukumpa kitu. Kwa hiyo na sisi tulikuwa na la kusema.

Halafu nikamkumbusha bosi habari za kaka yangu, maana anamfahamu. Unga ulimchukua akiwa kijana mzuri wa ufundi seremala. Leo yuko hai kwa sababu ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini. Kliniki ya Muhimbili ilifunguliwa 2011, na tangu alipoandikishwa, mama yetu amekuwa akiamka alfajiri kumsindikiza akanywe dozi yake, iwe mvua, iwe sikukuu. Bosi alinyamaza, kisha akanisogezea simu ya duka.

Kabla ya kupiga niliandika kila kitu wakati bado kiko kichwani: saa aliyoingia, alichoagiza na kiasi, maneno yake kuhusu siki na risiti, rangi ya shati, namba za kirikuu, upande aliokwenda. Nikahamisha picha za kamera kwenye fleshi, kwa sababu kamera yetu hujifuta kila baada ya siku 7. Nikapiga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Aliyepokea hakunikaripia wala hakuniuliza kwa nini najua mambo hayo. Aliuliza taratibu, akarudia namba za gari mara 2. Akaniasa kwamba kijana akirudi nisimfuate, nisibishane naye, nisimwonyeshe kuwa nimetoa taarifa; nimhudumie kama mteja mwingine halafu nipige.

Kazi ngumu ikawa kwa jirani. Alitetemeka, akaniapia kuwa hakujua, na namwamini. Nilikaa naye dukani kwake mpaka akapiga mwenyewe. Wiki kadhaa baadaye walimpigia kuulizia risiti yake. Zaidi ya hapo hatukuambiwa kitu, na sikutegemea tuambiwe.

Siku hizi daftari letu la mauzo lina kurasa za nyuma kwa ajili ya waliotaka tukawakatalia. Juzi mwalimu mmoja alifuata pamanganeti, kemikali nyingine inayofuatiliwa, ya maabara ya shule, ana barua yenye muhuri. Nikamwandika kwenye kurasa za mbele, akasubiri bila kununa. Na jirani, akipata mteja asiyelia bei, humtuma kijana wake avuke barabara aje aniulize: "Dada, huyu kwako hajapita?"