Kilo ya maharage na gemu letu

Juzi usiku mimi na mwenzangu tulimwaga maharage mezani kujaribu uchumi wa gemu tunalotaka kuliweka kwenye blokucheni (daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja). Harage moja, tokeni moja, yaani sarafu ya kidijitali ya gemu (si zile za umeme, jamani). Kila kuku wa kwenye gemu anakutagia tokeni tatu kwa siku. Ukitaka kuku mwingine unalipa kumi, naye anaanza kutaga.

"Siku" ya tano tu, bakuli la benki tupu! Maharage yote yako mikononi mwa wachezaji na hakuna mwenye haja nayo. Mke wangu akapita, akauliza: "Sasa kesho tunapika nini?"

Ndipo nikakiona kwa macho kilichoikuta Axie Infinity, gemu la blokucheni la kufuga na kupiganisha viumbe waitwao Axie. Tokeni zake, SLP, zilitoka kwa kucheza, bila kikomo, na njia kubwa ya kuziteketeza (kuziondoa kwenye mzunguko) ilikuwa kuzalisha Axie wengine, ambao nao waliingia kutafuta SLP. Wanunuzi wapya walipopungua, kwishnei. Julai 2021 SLP moja ilipita senti 30 za Marekani. Kufika Februari 2022 ilikuwa inacheza kwenye senti moja, watengenezaji wakafuta zawadi za kazi za kila siku. Na Ufilipino kuna watu walikuwa wananunulia chakula hela hiyo.

Jana tumebadilisha: kuku wanakula, wanaugua, banda linachakaa, vyote vinalipiwa. Maharage yakarudi bakulini vizuri kabisa. Mwenzangu kacheza robo saa, akaniambia: "Kaka, hii sasa ni kazi, siyo gemu."

Leo usiku tunamwaga tena.