Bahari Imeshakwenda

Mzee alianzia kwenye vinyago pale Mwenge, Dar es Salaam, kisha akahamia picha za kuchapa kwa kibao cha mbao kilichochongwa na kupakwa wino. Mimi nilikuwa kijana wake wa kukata karatasi na kusukuma rola. Patasi zake nilizinoa tu.

Picha nzima aliitoa kwenye kibao kimoja. Kwanza alichimba sehemu za kubaki nyeupe ili wino usizifikie, tukachapa samawati hafifu kwenye karatasi zote. Akarudi kwenye kibao kilekile, akachimba pale alipotaka samawati ibaki, tukachapa bluu juu yake. Mwisho nyeusi. Mashine hatukuwa nayo. Karatasi tuliisugua kwa mgongo wa kijiko, kuanzia katikati kwenda pembeni, mpaka wino uonekane kwa nyuma kama jasho kwenye shati. Misumari miwili ilizuia karatasi isihame. Ikihama hata unene wa ukucha, ngalawa inaelea nje ya maji yake.

Siku moja akaja mama mmoja mwenye nyumba ya wageni.

“Shikamoo mzee. Ile picha ya wavuvi niliyochukua kwako, nataka tano nyingine.”

“Marahaba mwanangu. Zilikuwa kumi na mbili, zimekwisha.”

Yule mama akacheka. Alidhani anapandishiwa bei. Mzee hakubishana naye, akanituma kibao. Akakipaka nyeusi, akalaza juu yake ukurasa wa gazeti la zamani, akasugua. Ikatoka mistari mitupu: ubavu wa ngalawa, kamba za nyavu, mgongo wa mtu aliyeinama.

“Bahari iko wapi?” mama akauliza.

“Nimeichimba. Unayo wewe kwako ukutani.”

Mama alikishika kile kibao, akapitisha kidole kwenye mashimo, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza gazeti lile bei gani. Mzee akakataa katakata kuliuza, eti litageuka njano kabla ya mwaka.

Alipotoka nikamvaa mzee. Kodi ya banda ilikuwa inadaiwa, na picha tano si mchezo. Nikamwambia Wajapani tangu 1765 walikuwa wanachapa picha za rangi nyingi, kila rangi na kibao chake, na vibao wakavitunza wachape tena wakitaka. Akaniambia hata Picasso, yule mchoraji maarufu, uzee wake kule kusini mwa Ufaransa, alichapa hivihivi kwa kibao kimoja, akichimba na kuchapa, na hakufa njaa.

“Picasso hakudaiwa kodi,” nikamjibu.

Alicheka mpaka akakohoa, lakini msimamo wake haukusogea. Alitaka kila mkato umtie hofu kidogo. Mkono ukijua kuna kibao cha akiba, alisema, unazembea. Mpaka leo naona kwenye kodi nilikuwa sahihi mimi. Ila zile picha za kibao kimoja zina ukali fulani ambao sijauona kwenye kazi zake za baadaye, alipokubali kutumia vibao viwili.

Mama alirudi wiki iliyofuata na malipo ya awali ya picha mpya, wavuvi wakirudi alfajiri. Mzee akahesabu pesa, akanipa za kodi nimpelekee mwenye banda, akaanza kuchimba mawingu.